Lenzi ya Kioo Kisicho Chako

Homa Bay
27 Septemba 1965

Kwa Bwana Ryoba,
Studio ya Picha na Miwani, Migori

Bwana mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Mwokozi. Hatujaonana, lakini mwalimu mwenzangu uliyemtengenezea miwani amenihakikishia kwamba kutoka Kisumu hadi mpaka wa Tanzania hakuna mtu anayezijua lenzi kama wewe. Ndiyo maana nakuandikia bila kuona haya.

Mimi ni mwalimu wa sayansi hapa Homa Bay. Nina darubini kubwa ya kioo, ambayo niliitengeneza kwa mikono yangu miaka mitano iliyopita. Kioo chenyewe nilikisugua jioni baada ya jioni hadi vidole vikachubuka. Bomba lake ni fupi na nene, si refu kama yale ya vitabuni, kwa hiyo hukusanya mwanga haraka na kufaa sana kwa kupiga picha. Ila ina kasoro moja inayonitesa. Nikifunga filamu pale ambapo jicho hukaa, nyota za katikati ya picha hutoka safi kama nukta, lakini za pembeni zote huota mikia.

Sasa redio imesema kuna nyota ya mkia imegunduliwa na Wajapani, na kabla Oktoba haijaisha tutaiona huku kwetu alfajiri, mashariki. Niambie, Bwana, nitaipigaje picha nyota ya mkia kwa darubini inayozipa nyota zote mikia? Watu watanicheka.

Nasikia zipo lenzi ndogo za kuondoa kasoro hiyo, na ni za aina nyingi. Nichague ipi? Unayo?

Wako katika kazi,
Barnabas Mochama

*

Migori
1 Oktoba 1965

Mwalimu Mochama,

Barua yako imefika salama. Kasoro unayoieleza wataalamu huiita koma. Si kosa la aliyekisugua kioo. Kila kioo chenye kina kikubwa na bomba fupi huwa nayo, na kadiri bomba linavyofupishwa ndivyo mikia inavyorefuka.

Unazo njia tatu. Ya kwanza ni kukata duara la kadibodi na kuziba ukingo wa kioo ili mwanga upite katikati tu. Mikia itapungua, lakini utapoteza mwanga mwingi, na alfajiri haikungoji. Jua litakukuta filamu haijashiba. Ya pili ni lenzi mbili ndogo zilizofungwa katika pete moja, unazozipachika mbele ya filamu. Hizo ninazo, ila zipo za aina mbili: za vioo virefu visivyo na kina, na za vioo vifupi kama chako. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ya tatu ni lenzi tatu kwa pamoja, safi kuliko zote, lakini hutoka Uingereza na meli haitaiwahi nyota yako. Tena italazimu ulikate bomba.

Kabla sijachagua nahitaji vipimo. Kioo kina upana gani? Kutoka kwenye kioo mpaka pale picha inapotulia ni umbali gani? Filamu yako ni ya ukubwa gani?

Halafu niambie, kama hutajali, kioo chenyewe ulikipata wapi. Vioo havifanani.

R. Ryoba

*

Migori
3 Oktoba 1965

Kaka Osoro,

Kaa chini kabla hujasoma. Barnabas Mochama ameniandikia.

Hajui ni mimi. Anadhani Ryoba wa studio ni mwanamume, na sikumrekebisha. Nimetia sahihi ya R. Ryoba, ambalo ndilo jina langu tangu niolewe, kwa hiyo hata uongo sijasema. Anataka lenzi ya kusafishia picha za darubini. Darubini yako, Osoro. Ile uliyoisugua katika nyumba ya walimu kule Kendu Bay huku mimi nikikuchotea maji ya kuosha unga wa mchanga. Anaandika kwamba vidole vyake vilichubuka. Vidole vyake!

Niliposoma hapo nilitoka nje nikatembea mpaka darajani na kurudi. Ryoba mume wangu aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, nilifiwa, ila kilio ndiyo kwanza kinanitoka.

Nimekumbuka mengi. Jinsi alivyosimama kortini na suti yake ya Sabato akaapa kwamba kioo kililetwa kwa ajili ya maabara ya shule na wewe ukakiiba, kisha darubini ikabaki mikononi mwake. Jinsi fundi wa meli aliyekupa kile kioo cha dirisha alivyokuwa amekwisha kurudi kwao, ukakosa shahidi. Jinsi Mama alivyokaa benchi la nyuma kanisani na hakuna aliyesogea kukaa naye. Alikufa ukiwa gerezani. Kaburi lake ulilionyeshwa na mimi, nyasi zimekwisha kuota.

Sasa sikia. Ninazo lenzi mbili katika kasha. Moja inafaa kioo kama chako, nyingine haifai kabisa. Nitamtumia isiyofaa. Atapiga picha alfajiri zote, kila nyota itakuwa na mkia, na ile ya mkia yenyewe itakuwa kama ute. Nyota hiyo ikienda hairudi tena maishani mwake. Na atadhani kosa ni lake.

Niambie tu kwamba umefurahi.

Dada yako,
Rispa

*

Karungu
7 Oktoba 1965

Dada Rispa,

Barua yako nimeisoma gatini, samaki wakipimwa, na karani mwenzangu akaniuliza mbona nimekunja ngumi. Nimefurahi. Lakini usimtumie lenzi mbovu.

Usikasirike, nisikilize. Picha mbaya ataitia sandukuni. Nani atajua? Atamwambia mkewe hali ya hewa ilikuwa chafu, atakula, atalala. Mimi sikufungwa sandukuni. Nilifungwa mbele ya watu, jina langu likasomwa kwa sauti, na cheti changu cha ualimu kikafutwa huku wanafunzi wangu wakichungulia dirishani. Nataka na yeye awe mbele ya watu.

Mtumie lenzi iliyo sawa. Mfundishe kuipachika vizuri. Picha itoke nzuri mpaka watu waulize imepigwaje. Namjua Barnabas, tulikaa chumba kimoja miaka miwili. Hawezi kusifiwa akanyamaza. Atasema niliitengeneza mwenyewe. Watamwambia basi tuonyeshe. Hapo ndipo ninapomtaka, kwa sababu kioo hajawahi kukisugua hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kunisomea magazeti wakati nikisugua.

Tena kuna jambo ambalo hajalifikiria. Akiulizwa kioo kilitoka wapi, atajibu nini? Akisema ni cha maabara, mtu yeyote anayejua vioo vya maabara atamcheka, maana kile ni kioo cha dirisha la meli na ukingo wake unaonyesha. Akisema ni cha meli, basi mimi sikuiba.

Nimengoja miaka mitano. Naweza kungoja msimu mmoja.

Kaka yako,
Osoro

*

Migori
10 Oktoba 1965

Osoro,

Nilikuwa nimekwisha kuifunga ile mbovu kwa karatasi na kamba. Ilinichukua siku nzima kuifungua. Si kwa sababu kamba ilikaza.

Unaniomba nimpe kitu kizuri mtu yule. Nimpe picha ambayo wewe ulipaswa kuipiga. Mkono wangu haukutaka. Lakini nimeisoma barua yako tena na nimeona una roho mbaya kuliko mimi, na nimekubali.

Vipimo vyake vimefika: upana inchi nane, umbali inchi thelathini na mbili. Kuhusu kioo kilikotoka hajajibu neno. Amenitumia pia kikapu cha samaki, ngege waliokaushwa. Nimempa jirani. Kwangu wasingepita kooni.

Rispa

*

Migori
11 Oktoba 1965

Mwalimu Mochama,

Kwa vipimo ulivyonipa, kioo chako kina kina kikubwa sana, na lenzi ya vioo virefu isingekusaidia kitu. Nakutumia ile ya vioo vifupi, mkononi mwa dereva wa lori la sukari guru la Awendo, ambaye ni mtu wa kuaminika.

Ifunge hivi. Upande wenye alama nyekundu uelekee kwenye kioo. Kutoka lenzi ya nyuma mpaka filamu pawe na inchi mbili na robo, si zaidi wala si pungufu. Ukiisogeza karibu na filamu, mikia itarudi. Ukiiweka mbali, mikia itageukia upande wa pili na kuangalia katikati. Piga picha nyota yoyote kwanza, uisafishe, uangalie pembe nne za filamu kwa kioo cha kukuzia. Pembe zote nne zikifanana, usiguse tena. Pembe moja ikiwa mbaya, lenzi imekaa upande, inyooshe.

Utaona nyota za katikati zimevimba kidogo kuliko zamani. Usishtuke. Ndiyo gharama ya lenzi hii: inachukua kidogo katikati ili kutengeneza pembeni. Kwa nyota ya mkia nakushauri ukubali, kwa sababu mkia utafika mpaka ukingo wa filamu na huko ndiko unakohitaji usafi.

Kila la heri.

R. Ryoba

*

Homa Bay
8 Novemba 1965

Ndugu yangu Ryoba,

Nikuite ndugu, maana rafiki ni neno dogo! Nimeipata. Tulipanda kilimani nyuma ya mji, mimi na mke wangu Kemuma, tukageuka kutazama mashariki. Mkia ulisimama juu ya ziwa kama mwanga wa taa ya gari linalopanda mlima usioonekana. Kemuma alianza kuimba wimbo wa kanisani. Mimi nilikuwa nalia huku nikiifuata nyota kwa mkono, polepole, bomba lisitikisike.

Nakutumia nakala. Tazama pembeni! Nyota zote ni nukta, na katikati yake mkia mmoja tu, ule unaostahili. Lenzi yako ni muujiza. Afisa wa elimu ameiona na anataka niipeleke kwenye gazeti.

Wewe ni mtu wa ukweli, kwa hiyo nikueleze jambo. Uliniuliza kioo kilitoka wapi na sikukujibu, kwa sababu kinanikumbusha huzuni. Nilikuwa na mwalimu mwenzangu, kijana mwenye akili, lakini mkono wake haukuwa safi. Alitaka kukichukua kioo hicho kikiwa mali ya shule. Nililazimika kusimama kortini. Iliniuma, lakini ukweli ni ukweli, na Mungu amenibariki tangu hapo. Sijui yuko wapi siku hizi. Huwa namwombea.

Njoo Homa Bay, ndugu yangu. Kemuma atakuchinjia kuku.

Barnabas Mochama

*

Migori
15 Novemba 1965

Mwalimu Mochama,

Picha nimeiona. Nimeitazama pembe zote nne. Sijawahi kuona kazi safi kama hiyo katika nchi hii.

Ipeleke gazetini. Na usiipeleke picha peke yake, maana picha peke yake watu watadhani imepigwa na Mzungu. Andika kwamba kioo ulikisugua mwenyewe, na jinsi ulivyokisugua. Walimu wa sayansi wanahitaji kusikia habari kama hiyo.

Asante kwa kumwombea mwenzako. Nina hakika maombi yako yatamfikia.

R. Ryoba

*

Homa Bay
14 Desemba 1965

Ndugu Ryoba,

Bila shaka umeliona gazeti. Picha yangu ukurasa wa tatu, na maneno yote. Wiki ile yote nilikuwa nasalimiwa na watu nisiowajua.

Lakini sasa nina shida, na ni wewe tu ninayeweza kukuambia. Mkaguzi wa masomo ya sayansi, Bwana Mwikwabe, amesoma habari hiyo akafurahi kupita kiasi. Ameitisha mkutano wa walimu wa sayansi wa wilaya zote za huku, hapa Homa Bay, tarehe ishirini Januari. Anataka niwaonyeshe jinsi ya kusugua kioo. Ameleta na kioo kipya kizito, mchanga na lami, vyote vimo ofisini vinanisubiri. Ameniambia, "Mwalimu, utuonyeshe hatua za mwanzo tu, kisha uifungue na darubini yako tuone kioo chenyewe."

Ndugu yangu, siku nyingi zimepita. Mikono imesahau. Nilijaribu nyumbani kwa vipande viwili vya kioo cha dirisha, vikang'ang'aniana havitengani tena, na Kemuma akaniuliza, "Hivi ndivyo ulivyofanya zamani?" Nilimfokea bure.

Nakuomba, njoo usimame karibu nami kama msaidizi. Fanya wewe kwa mikono, mimi nitaeleza kwa mdomo. Watu wataona ni kawaida mwalimu kuwa na msaidizi. Ukininyima hili nimekwisha.

Barnabas

*

Migori
19 Desemba 1965

Mwalimu Mochama,

Mimi siwezi kuja. Studio haina mtu mwingine. Lakini usiwe na wasiwasi. Nitakutumia mtu anayejua kusugua kioo kuliko mimi. Atafika asubuhi ya mkutano kwa lori la samaki. Usimtafute, atakutafuta yeye.

R. Ryoba

*

Karungu
23 Januari 1966

Dada Rispa,

Nimerudi. Nimelala usingizi mzito, nikaamka, nikalala tena. Sasa nikueleze, maana najua umekaa mlangoni unangoja posta.

Nilifika mkutano umekwisha kuanza. Ukumbi ulijaa walimu, wengine nilisoma nao. Barnabas alikuwa mbele, suti ileile ya kortini, imembana tumboni. Darubini yangu ilikuwa juu ya meza. Wameipaka rangi ya buluu, Rispa. Ilikuwa nyeusi.

Nilitembea katikati ya viti mpaka mbele. Aliniona nikiwa nimebakiza kama hatua mbili. Chaki ikamwanguka. Bwana Mwikwabe, yule mkaguzi, akamwuliza, "Huyu ndiye msaidizi wako?"

Barnabas akatazama mlangoni, akanitazama mimi, akatazama walimu. Kisha akasema, "Ndiyo. Huyu ni fundi wangu."

Fundi wake! Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, lakini neno hilo lilinituliza kabisa. Nikavua koti, nikakunja mikono ya shati, nikaanza kazi. Nilinyunyiza mchanga, nikatia maji, nikaweka kioo juu ya kioo, nikasukuma na kuzungusha kama zamani. Sauti ile, unaikumbuka, kama mtu anayetafuna mtama mbichi. Barnabas alieleza na alikosea. Nilikuwa nasukuma kwenda mbele na yeye anasema ninazungusha. Walimu wakaanza kutazamana.

Bwana Mwikwabe akaniuliza, "Mzee, umejifunza wapi?" Ananiita mzee, na mimi sijafika thelathini na tano.

"Kendu Bay, Bwana. Nilikuwa mwalimu."

"Kwa nini uliacha?"

"Nimwulize Mwalimu Mochama swali moja kwanza, ndipo nijibu."

Akaniruhusu. Nikanawa mikono, nikafungua skrubu tatu za nyuma ya darubini, nikakitoa kioo na kukiweka juu ya kitambaa, mgongo juu, watu wakione. Nikamwambia, "Mwalimu, waambie walimu kioo hiki kilitoka wapi."

Akasema, "Kiliagizwa na shule. Kwa maabara." Sauti ilikuwa ndogo, lakini alisema. Nadhani alisema kwa sababu ndivyo alivyoapa.

Bwana Mwikwabe akakiinua kioo, akakipeleka dirishani. Akakitazama ubavuni, rangi yake ya kijani. Akapitisha kidole ukingoni, pale palipopigwa mshazari ili pete ya shaba ishike. Akasema, "Mwalimu, mimi nimevuka ziwa hili kwa meli tangu nikiwa mdogo. Hiki ni kioo cha dirisha la meli."

Barnabas akasema haraka, "Ndiyo, ndiyo, nimekumbuka, ni cha meli. Kulikuwa na fundi, aliki—" Alikuwa amekwisha kufika mwisho wa njia.

Nikamwambia, "Malizia. Alimpa nani?"

Nikawageukia walimu, nikasema, "Jina langu ni Osoro. Nilifungwa miezi sita kwa kuiba kioo hiki kutoka maabara ya shule. Shahidi alikuwa huyu."

Mama Kemuma, mkewe, alikuwa amekaa nyuma na wake za walimu waliopika chakula. Alisimama akapita mbele, nikadhani anakuja kunipiga. Alisimama mbele ya mumewe akamwuliza kwa Kigusii, taratibu, kama wako wawili tu jikoni, "Barnabas, ni kweli?" Mumewe akatazama chini. Yule mama akatoka, na chakula hakikugawiwa.

Kioo nimeondoka nacho. Hakuna aliyenizuia. Bwana Mwikwabe ameandika habari yote na amesema ataipeleka panapohusika. Cheti hawezi kuniahidi. Sikumwomba.

Umeniuliza mara nyingi kama nitamsamehe siku atakapoumbuka. Nimejichunguza usiku na mchana. Hapana. Lakini nilipokuwa nasugua, kwa muda mdogo nilimsahau kabisa, na hilo nilikuwa sijaliweza tangu nilipotoka ndani.

Kaka yako,
Osoro

*

Homa Bay
16 Februari 1966

Bi. Rispa Ryoba,

Sasa najua ninayemwandikia. Mwalimu yule wa miwani aliniambia, "Bwana Ryoba gani? Studio ni ya mama, Mkisii, dada yake Osoro." Nikazitoa barua zako zote nikazisoma upya. Kila neno lilikuwa la adabu. Nilikuita ndugu, nikakutumia samaki, na wewe ulikuwa unanipima kama mtu anayepima kaburi.

Umefanikiwa. Nimesimamishwa kazi. Kanisani nimefutwa. Kemuma amekwenda kwao Nyaribari na watoto. Nikipita sokoni, vijana wanageuza viganja vyao kama wanaosugua kioo.

Nilikosa. Nilitaka kuonekana. Osoro alikuwa na mikono, mimi nilikuwa na mdomo tu, na niliona dunia itamsifu yeye na kunisahau. Sikudhani atafungwa, nilidhani watampiga faini. Ilipokwenda mbali sikujua jinsi ya kurudi.

Wewe ni mwanamke, una huruma. Mwandikie Bwana Mwikwabe mwambie mmeafikiana kifamilia, kwamba ilikuwa kutoelewana kati ya vijana. Neno lako na la kaka yako litanirudishia walau watoto wangu.

Tena niambie kuhusu lenzi. Haina kazi kwangu sasa. Nikurudishie?

Barnabas Mochama

*

Migori
21 Februari 1966

Mwalimu Mochama,

Barua yako niliisoma mara moja, nikaiweka mezani, nikaenda kupiga picha ya harusi. Nilipomaliza nikaisoma tena. Nilitaka kuona kama umemtaja mama yetu. Hukumtaja.

Jina lake lilikuwa Nyasuguta. Ulikula kwake Sabato nyingi. Ulipokuwa unaapa kortini alikuwa amekaa benchi la tatu, na kitambaa cheupe kichwani, akikuitikia kwa kichwa kwa sababu alidhani umekuja kumtetea mwanawe. Hakukielewa Kiingereza. Mimi ndiye niliyemfasiria nyumbani. Nimemfasiria mtu habari iliyomuua, na nimekaa nayo miaka mitano.

Unasema hukudhani itakwenda mbali. Mama aliposhindwa kula, nyumba yako ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Ungevuka.

Nilikuonea huruma kidogo, siku nilipoona ile picha. Sitakuficha. Niliitazama nyota ile nikasema moyoni, mtu aliyelia alipoiona hii hawezi kuwa mbaya mpaka ndani. Kisha ukurasa wa pili wa barua yako ukaniambia unamwombea kaka yangu mwenye mkono usio safi, nikaendelea na kazi.

Bwana Mwikwabe sitamwandikia. Osoro naye hataandika. Mkeo nimemwandikia, kwa jina langu kamili, nikamweleza yote tangu mwanzo, pamoja na hila yangu. Ataamua mwenyewe akijua. Sisi hatukupewa nafasi hiyo.

Kuhusu lenzi, baki nayo. Nilikuchagulia kwa uangalifu. Inafaa kioo kimoja tu, na kioo hicho kiko kwa mwenyewe.

Rispa, binti Nyasuguta